Darasa langu la WhatsApp lilianza saa tatu usiku

Ninafundisha hisabati kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Arusha. Machi 16, 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na alikuwa hapa hapa mjini kwetu. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufunga shule kwa siku 30, kuanzia awali hadi kidato cha sita. Siku hizo zikawa zaidi ya miezi mitatu, na muda wote huo darasa langu liliishi WhatsApp.

Tulianza vibaya. Shule nzima tuliwekwa grupu moja, likajaa watu 256, ndiyo ilikuwa mwisho wake enzi zile, na wazazi wengine wakabaki nje. Waliomo wakarushiana habari za kujifukiza hadi swali la asubuhi ukilitafuta mchana hulioni. Nikafungua la mkondo wangu, nikalifunga aandike admini tu, majibu yaje inboksi.

Video niliachana nazo wiki ya kwanza, zinamaliza bando. Kilichofaa ni picha ya hatua nilizoandika kwa kalamu nene, pamoja na voisi ya dakika mbili: "Angalieni mstari wa tatu, hapo ndipo wengi mnapopotea."

Lakini asubuhi hakuna aliyejibu. Nilidhani ni uvivu, nikawaandikia maneno makali ambayo mpaka leo yananiuma. Usiku mmoja saa tatu ikaingia picha ya daftari la binti mmoja anayekaa mtaa wa Sakina, kivuli cha simu kimefunika nusu ya ukurasa. Swali lilikuwa x² − 5x + 6 = 0; yeye kajibu −2 na −3. Chini yake baba kaandika: "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usiku huu. Simu natembea nayo kwenye bodaboda, ndiyo nimefika."

Kumbe simu zote zilikuwa kazini na wazazi! Nikahamishia kipindi saa tatu usiku. Yule binti nikamrekodia: hasi mbili na hasi tatu umezipata sawa, ila hizo ni za ndani ya mabano, ukiitafuta x, alama inageuka. Baada ya dakika kumi ukurasa ukarudi: 2 na 3. Kuanzia hapo madaftari yakawa yanamiminika hadi saa tano, nami nasahihisha nikiwa kitandani.

Kati ya wanafunzi 68, 27 hawakuingia, kwao kuna kitochi tu. Niliwatumia meseji za kawaida, lakini hesabu kwenye meseji ni mateso, kipeo hakiandikiki. Nikaanza kuacha kopi kwenye duka la steshenari Mianzini, mzazi akipita anachukua. Sita sikuwapata kwa njia yoyote.

Juni 29 shule zilipofunguliwa, hao sita niliwaketisha mbele, nikaanza nao ukurasa tulioishia Machi.