Kichwa cha mjomba kwenye kompyuta, na yule dada wa dirishani

Nilitaka niandike wiki ileile nikashindwa, mkono ulikuwa unatetemeka kwa hasira. Sasa nimetulia. Kidogo tu.

Mjomba wangu ni wa dagaa, pale Mwaloni Kirumba kila mtu anamjua. Kama mwaka jana hivi ndala ya mguu wa kushoto ikaanza kumvuka akiwa anatembea na mwenyewe hana habari, anafika kibandani mguu mmoja peku, watu wanacheka eti mzee leo kaanza mapema, na mjomba pombe hagusi. Tukahangaika na goti, tukahangaika na mgongo, mpaka MRI ya kichwa, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani, ikasema kuna kivimbe upande wa kulia, huku juu karibu na utosi.

Daktari wa upasuaji, kijana tu lakini ametulia, akasema kabla hajafungua anataka akijenge kichwa cha mzee kwenye kompyuta, kile cha kuzungusha, aone kivimbe kimekaaje na mishipa ya damu inapita wapi. Tukampa CD. Akaiweka, akakunja uso. Ndani mna picha kumi na kitu za kawaida, kama umepiga na simu. Akatueleza: kompyuta inajenga kwa kupanga vipande vya picha, inataka vyembamba vya kama milimita 1, vyote, tena mafaili yenyewe ya mashine yanaitwa DICOM. Vya kwetu milimita 5 na vingine havimo. Mjomba akadakia, "Kama sangara, ukimkata mapande makubwa mwiba hujui umepita wapi." Daktari akacheka, akasema mzee umemaliza.

Haya, nikarudi tulipopimia, jina silitaji. Dada yupo dirishani anakula karanga, simu sikioni. Nimesalimia, kimya. Nikasema dada samahani naomba mafaili ya DICOM ya mgonjwa wangu. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Kwani wewe daktari?"

"Hapana."

"Sasa ya nini? CD si ulipewa?"

Nikamwambia daktari kasema haifai. "Basi aje mwenyewe." Akageuza shingo, halafu namsikia anamwambia wa kwenye simu eti kuna mtu hapa kasoma gugo. Mimi! Nimetoka Igoma kwenye hiace nimesimama njia nzima, kichwa kimepinda, naitwa msoma gugo. Siku ya pili mfumo uko chini. Siku ya tatu ndo akatokea kaka mmoja mstaarabu akaangalia dakika mbili tu, akasema ndugu yangu ile ya vipande vyembamba haikupigwa kabisa, hakuna cha kukupa. Dakika mbili! Si angeniambia yule dada toka siku ya kwanza? Tukauza injini ya mtumbwi tukapiga upya sehemu nyingine.

Na usiku ule nikasoma gugo kweli, kwa hasira. Kumbe London mwaka 1971 mama mmoja alishapigwa CT ya kichwa, ile eksirei ya vipande vipande, wa kwanza duniani, uvimbe wake ukaonekana. Na programu ya daktari, 3D Slicer, asili yake Boston huko Marekani, ni bure. Kompyuta ni yake mwenyewe. Yaani vitu vyote vikubwa vipo, tumekwama kwenye CD na karanga.

Sasa hiyo siku ya kuona. Daktari anasogeza mausi, ngozi inatoka, fuvu linatoka, mjomba anaangalia kichwa chake kinazunguka kama tikiti sokoni. Kivimbe kakipaka kijani, kimeegemea mshipa mnene wa bluu unaopita katikati ya kichwa toka mbele hadi kisogoni. Akasema huu ndio unaoninyima usingizi, nikiuchana damu haizuiliki kirahisi. Kivimbe chenyewe kimeota kwenye utando, sio ndani ya ubongo, na vingi vya hivyo sio kansa, ila kinagandamiza sehemu inayoendesha mguu wa kushoto. Mjomba akainama mpaka pua inataka kugusa kioo. "Kwa hiyo huyu wa kijani ndiye anayenivua ndala?"

Hapo nilikuwa natoa alama zote. Halafu daktari akaniharibia: wenye programu wenyewe wameandika ni ya utafiti, na ukishafungua fuvu maji yanatoka, ubongo unashuka kidogo, hauko tena pale ulipokuwa kwenye picha. Akasema hata kwa zile filamu nyeusi angefungua. Nikauliza sasa injini yetu imeenda ya nini? Akasema sasa najua niingilie wapi na nisiguse wapi. Sijui. Siku nyingine naona jibu limetosha, siku nyingine naikumbuka ile injini. Ila mshipa haukuchanika, na mjomba alitoka anaongea, wa kwanza kumuulizia ni dagaa wake wameanikwa na nani.

Mguu bado anauburuza kidogo, amehamia kwenye raba za kamba. Ile CD ya kwanza ameitoboa akaitundika pale anapoanika, ikipigwa na jua inamulika na kunguru hawashuki. Anasema hela yake haijapotea yote. Yule dada nikimuona tena simsalimii.