Chakula cha kuku kimepanda: ununue gunia ama uchanganye mwenyewe? Kwanza tuongee mchanga

Wacha nianze na aibu yangu. Mwezi wa tano niliapa sinunui tena gunia la chakula ya kuku, nitachanganya mwenyewe kama wengine. Niko na kuku wa mayai 150 hapa Kajulu, juu ya Kisumu, na hawa wanakula kama kilo 18 kwa siku, yaani gunia la kilo 70 halimalizi siku nne. Ukienda agroveti kila siku ya nne na 3,450 mkononi, siku moja lazima utaanza kusikiliza watu wa WhatsApp.

Bei nayo tunaijua. Tangu 2021 hatujapumua. Machi ya huo mwaka mahindi ya Uganda na Tanzania yalizuiwa mpakani juu ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu, zuio lenyewe halikukaa hata wiki mbili lakini tayari kila mtu alikuwa amepata sababu ya kuongeza, 2022 ikaja vita ya Ukraine, na huku kwetu bei ikishapanda huwa hairudi, inapumzika tu ikingoja ingine ije iisukume.

Sasa fomula niliyotumia ni ile inazunguka kila grupu ya wafugaji: mahindi kilo 34, soya ya kukaangwa 12, omena (dagaa wa ziwani) 8, pumba za mahindi 10, chokaa 6. Hizo ni 70. Juu yake unaweka primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na vile vitu vya gramu gramu, laisini na methionini za kukamilisha protini, na dawa ya kushika sumu ya ukungu. Nikapiga hesabu kwa nyuma ya risiti: soya 1,200, omena 1,120 (kilo ilikuwa 140), pumba 280, chokaa 60, vya gramu 330, kusaga na kuchanganya 180. Jumla 3,170. Na mahindi je? Mahindi si yalikuwa yangu ya shamba, ya bure! Kwa hivyo nikaona nimeokoa 280 kwa kila gunia, nikatembea nikijisikia mhasibu.

Nikachanganya magunia matatu. Siku kumi hivi zikapita, trei zikaanza kushuka. Mimi huokota trei nne na kitu kila siku, zikawa tatu, zikawa mbili na nusu, na kuku wakaanza kudonoana mkia. Nikadhani ni ugonjwa, nikanunua vitamini (hiyo pesa siihesabu hapa, nitalia). Halafu asubuhi moja nikiosha fida, chombo cha kulishia, nikaona chini kumebaki kitu kinang'aa, kuku wamekiacha nadhifu kabisa kama mtoto anavyoacha mboga. Nikapitisha kidole. Mchanga.

Nikachota omena iliyobaki, nikamwaga kwa sufuria ya maji. Omena ikaelea, nikaitoa, nikamwaga maji polepole, na pale chini palikuwa na ufuo wa ziwa mzima, hadi vipande vya kombe. Nikapima: kwa kila kilo nne za "omena", moja ilikuwa mchanga.

Sasa fanya hesabu na mimi. Kilo 8 kwa gunia, mbili ni mchanga. Mbili mara 140 ni 280. Ile akiba yangu yote, shilingi kwa shilingi, nilikuwa nimelipia mchanga! Na hasara haiishii hapo juu omena zaidi ya nusu yake ni protini, kwa hivyo ukikosa kilo mbili umekosa kama kilo moja ya protini, gunia zima linashuka kama asilimia moja na nusu, na kuku wa mayai hana subira na mambo kama hayo.

Kwa hivyo hapa sitakwambia uangalie protini kwa lebo, wala alama ya KEBS, wala tarehe, hayo umeshaambiwa na kila mtu. Mimi nakwambia angalia mchanga. Hakuna anayeuongelea na uko kila mahali, kwa omena, kwa mashi (chakula cha kusagwa) ya tayari, hadi kwa chokaa.

Jinsi ya kupima mashi: chukua chupa ya soda ya plastiki, tia gao mbili za mashi, jaza maji, tikisa, hesabu hadi tano, mwaga maji machafu ya juu. Rudia mara nne tano kama unaosha mchele kutoa mawe. Kinachobaki chini ni chokaa na mchanga, na kwa macho vinafanana. Hapo ndipo unaleta siki, ama ndimu ukikosa. Chokaa itatoa povu na kuchemka chemka, kombe pia hivyo hivyo. Mchanga utakaa kimya tu ukikuangalia. Ongeza siki hadi povu liishe, ile iliyobaki kimya ndiyo umeuziwa.

Na omena, nunua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia sokoni, usinunue kwa kilo. Mchanga unaongeza uzito lakini haujazi gorogoro, unaingia tu katikati ya samaki, kwa hivyo anayeuza kwa gorogoro hana faida ya kukuwekea. Pima gorogoro moja ya omena safi unayoiamini, andika uzito wake ukutani. Ukienda soko na kamizani kako na gorogoro ikawa nzito kuliko hiyo, shukuru na uendelee na safari yako. Tena usinunue ya kuku kati ya Aprili na mwisho wa Julai, wakati uvuvi wa omena umefungwa ziwani. Mimi nilinunua Mei, na nikifikiria sasa, ile ilikuwa ya kufagiliwa stoo.

Haya, nikipanga mimi, kwa mtu ako na kuku chini ya mia tatu hivi:

Ya kwanza ni gunia la tayari, na kwangu ni Fugo. Ndiyo, napendelea, na hakuna mtu amenilipa, ningependa sana wanilipe. Nimeipima kwa chupa na siki mara tatu, magunia tofauti, na kilichobaki kimya hakijai hata ukucha. Pia haina unga unga sana wa kubaki chini ya fida, kuku wanamaliza. Nilivyoirudia, trei zilirudi nne baada ya kama wiki mbili na nusu. Pembe na Sigma nimewahi kutumia na sina ugomvi nazo, lakini hazipatikani karibu na mimi kila wakati, na kubadilisha chakula ya kuku wa mayai kila wiki ni kujitafutia shida.

Ya pili ni konsentreti (protini, vitamini na madini vilivyochanganywa tayari kiwandani) na mahindi yako. Unanunua konsentreti, unafuata kipimo cha lebo, unasaga mahindi yako, unachanganya. Omena hata huigusi. Hii nafanya mara tu baada ya mavuno, mwezi wa nane wa tisa, mahindi yakiwa yameanguka bei, na kwangu gunia hutoka kama mia mbili chini ya la tayari. Lakini sharti moja: hesabu mahindi yako kwa bei ya soko. Hilo ndilo kosa langu lingine. Yale mahindi ya "bure" ningeuza kwa 45 kilo, mara 34 ni 1,530. Weka hiyo juu ya 3,170 uone: 4,700! Nilikuwa natengeneza gunia la 4,700 nikikimbia la 3,450, na bado nilikuwa napigia jirani simu nikimshauri aache kununua. Bado hajarudi kuniongelesha vizuri.

Ya tatu ndiyo hiyo ya kuchanganya kila kitu mwenyewe. Haina maana kwa kuku 150. Mwenye kuku elfu moja na zaidi, anayenunua soya kwa tani, ako na mashine ya kuchanganya na stoo kavu, huyo sawa, pengine inamlipa. Wewe wa koleo na turubai hapana, maana hata ukipata vitu safi, zile gramu 70 za laisini unazigawanyaje sawa kwa kilo 70 kwa koleo? Kuku mmoja anapata zote, mwingine anapata hadithi. Ukilazimika, changanya vya gramu na kilo mbili za unga wa mahindi kwanza, halafu ndio umwage kwa gunia.

Ya nne, mashi ya gunia jeupe bila jina, ya kushonwa kwa mkono. Hapana.

Na sasa wacha nitoe ya rohoni. Nilirudi kwa yule aliyeniuzia omena, na kopo langu la mchanga. Akaniangalia, akacheka, akasema, "Mama, omena ikitoka ziwani lazima ikuje na kamchanga kadogo." Kadogo! Robo ya gunia ni kadogo? Nikamwambia basi anipunguzie kamalipo kadogo pia. Akasema bei ni ya jumla, haina mazungumzo, na mteja mwingine akanisukuma na kiwiko kwa foleni. Kinachoniuma si mchanga peke yake jameni, ni ile kawaida yake, kwamba kila mtu anajua, anayeanika kwa ufuo bila neti anajua, anayepakia anajua, wa duka anajua, mwenye hajui ni mimi na kuku, na kuku walijua kabla yangu.

Omena kilo 16 ilikuwa imebaki. Nikaichekecha yote kwa chujio ya nafaka, nikapata karibu kilo nne za mchanga safi kabisa, mweupe. Sikuutupa. Fundi alikuwa anaziba ufa kwa kizingiti cha banda, akauliza kama kuna mchanga mahali, nikampa ule, nikamwambia autumie pole pole kwa sababu ni wa mia na arobaini kilo.