Siku mbili Mtwara: hela yako ianzie wapi

Mgeni wangu yeyote kutoka Dar akishuka stendi huwa tayari na orodha ya marafiki. Mmoja kamwambia asikose Msimbati, mwingine Newala, mwingine Lindi, na wote wamemwagiza korosho. Ukiifuata orodha yote, hela ya kula itaishia kwenye nauli. Mimi mwenyeji wao huwa nawapangia hivi.

Ya kwanza ni Mikindani, na hapa sibishani na mtu. Ni kama kilomita 10 tu kutoka mjini kwa barabara ya Lindi, na daladala zipo, kwa hiyo unatoa kidogo unaona kingi: nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe, milango ya kuchonga, na boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, ambalo siku hizi ni hoteli. Si lazima ulale. Agiza kinywaji kimoja ukae uangalie bahari. Livingstone naye alishukia pwani hii mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Nenda saa kumi alasiri, kwa sababu mchana vichochoro vile vinachoma. Kijana akijitolea kukutembeza, patana naye bei kabla hamjaanza kutembea.

Ya pili ni tumbo. Fika Feri asubuhi wakati mashua zinaingia, uchague samaki mwenyewe: macho yawe maangavu, mashavu mekundu ndani. Ukishanunua, watu wa kukukaangia hawakosekani. Jioni tafuta supu ya pweza yenye ndimu na pilipili. Ila ukiniuliza chakula cha kwetu hasa, nitakupeleka kwenye ming'oko, vile vizizi vyembamba vinavyochimbwa porini, vikachemshwa na kuuzwa kwa mafungu barabarani. Shemeji yangu aliviangalia akacheka, "Hivi si vijiti?" Alimaliza mafungu mawili kwa chumvi na pilipili, akarudi kununua la safari. Bei yake ni ya kutupa.

Msimbati naiweka ya tatu, na marafiki watanuna. Kwa uzuri inashinda zote, mchanga mweupe na maji ambayo picha haiyatendei haki. Tatizo ni usafiri: iko mbali na mji, na bodaboda kwenda na kurudi itakukamua hela pamoja na mgongo. Mkiwa wanne mkachangia gari, ipandisheni hadi ya pili. Iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo ulizia kiingilio kabla ya kuondoka, na bebeni maji na chakula.

Newala kuna Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda wa Makonde ambako unaona bonde la Ruvuma chini na Msumbiji ng'ambo. Inakula siku nzima. Ibaki ya safari nyingine.

Kuna rafiki mmoja kila mara hutaja Tendaguru, huko Lindi, "ukaone dainosaria". Ndugu yangu, mifupa ile Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, na ndiko ilikosimamishwa. Wewe utakuta pori.

Sasa korosho. Zinunue siku ya mwisho, zilizobanguliwa. Ghafi usiguse hata ukiambiwa ni bei ya shamba. Zina utaratibu wake wa vyama vya ushirika na minada, na anayekuuzia kwa bakuli kichochoroni anafanya kangomba, yaani biashara ya korosho ya magendo. Mwaka juzi nilinunua pakiti dirishani mwa basi: juu nzima nyeupe, chini vipande na vumbi. Tangu hapo nafungua na kuonja moja ya chini. Ikivunjika kwa mlio ni nzuri. Ikiwa laini au inanuka mafuta yaliyochacha, mrudishie. Kama ni za kutia kwenye mboga, chukua vipande, bei iko chini na utamu ni uleule.

Ukija msimu, kuanzia Oktoba hivi, utakuta na mabibo, yale matunda ya mkorosho. Hayo hayasafiri, uyale papo hapo, na vaa nguo usiyoionea huruma, kwa sababu maji yake yakidondoka kwenye shati hayatoki.