Vespa PX 150 E kwenye safari ndefu: uzoefu wangu

Nikiegesha skuta ikiwa imefungwa mizigo mbele na nyuma, swali huwa ni lile lile: kainjini hako kanakufikishaje huko? Ni swali la haki. Ujazo ni sentimita 150, farasi hawafiki 10, na chuma chenyewe kina umri wa kuitwa babu. Lakini nimekwenda nayo mwendo mrefu, kwenye lami na kwenye vumbi, na injini ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote. Kinachoamua kama siku itaisha kwa raha au kwa mgongo kulia ni magurudumu ya inchi 10. Muuzaji hatakwambia hilo, maana wengi wao huzizungusha mtaani tu.

Kwa asiyeijua: familia ya PX ilitolewa na Piaggio, kampuni ya Italia inayotengeneza Vespa, mwaka 1977. Yangu ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya toleo la Arcobaleno la 1984. Herufi E ni ya mfumo wa moto wa elektroniki, kwa hiyo hakuna pointi, yaani vile vidude vya kukata umeme wa plagi, za kupiga msasa. Injini ni ya tu-stroku, yaani inawaka moto kila mzunguko mmoja, na inapozwa na feni iliyo kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Gia ni nne, unazibadilisha kwa kuzungusha mshikio wa kushoto huku umebana klachi. Cheni hakuna kabisa. Gurudumu la nyuma limekaa moja kwa moja kwenye shafti ya giaboksi, na hilo peke yake limeniondolea kazi ya kukaza na kupaka grisi kila jioni.

Sasa magurudumu. Shimo ambalo pikipiki yenye ringi ya inchi 17 inalivuka kwa kutikisika kidogo, tairi la inchi 10 linalizamia, linagonga ukingo wa mbele, na mshindo unapanda kwenye usukani hadi mabegani. Ukilikuta kwenye kona, hiyo ni habari nyingine. Kwa hiyo macho hayatoki barabarani. Milima uliyotamani kuiona inapita pembeni, wewe unakagua lami. Uchovu wa jioni unaanzia kwenye macho na shingo kabla haujafika miguuni. Lami ikiwa nzuri husikii lolote kati ya haya, na kwenye kona za mfululizo skuta ina wepesi ambao pikipiki kubwa zinautafuta. Lami ikianza kumeguka, utajua.

Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja mawimbi, mwenye pikipiki huongeza mwendo ili apite juu juu. Usijaribu hivyo na hii. Gurudumu la mbele linaanza kuruka, na kwa muda usukani hauna habari na wewe. Mimi hushuka hadi gia ya pili, kilomita 25 au 30 kwa saa, nikakubali kwamba kipande hicho kitakula asubuhi nzima. Mchanga mzito ni kushuka na kusukuma, huku injini ikisaidia. Nimesoma sifa nyingi za skuta hizi kwenye njia mbaya. Zinapita, sikatai, ila anayepitishwa ni mwendeshaji.

Magurudumu hayo hayo madogo yana upande wao mzuri: pancha yake haiogopeshi. Corradino D'Ascanio, aliyeibuni Vespa ya kwanza ya 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na gurudumu la mbele alilishikiza kwa mkono mmoja, upande mmoja, kwa mtindo wa magurudumu ya kutulia ndege. Unafungua nati tano kwa spana namba 13, gurudumu linatoka kwa pembeni, unaweka la akiba, unaondoka. La mbele na la nyuma ni saizi moja, 3.50-10, hivyo akiba moja inatosha pande zote, nayo imejificha ndani ya ubavu wa kushoto wa bodi. La nyuma linataka injini iinuliwe kidogo kwa jiwe au gogo. Kisha ukishafika unapolala, unatengeneza pancha bila kupigana na tairi, kwa sababu ringi ni ya vipande viwili vilivyofungwa kwa nati.

Hapa niseme kwa sauti: toa upepo wote kabla hujagusa nati zinazounganisha vipande vya ringi. Kuna nati zinazoshika gurudumu kwenye hapu, yaani kitovu chake, na kuna nati zinazoshika nusu mbili za ringi, na zote zinaingia spana moja. Ukilegeza hizi za pili tairi likiwa limejaa, nusu zinaachana kwa nguvu ya kuvunja mkono. Upepo wenyewe ninaojaza ni psi 18 hivi mbele, na nyuma 25 nikiwa mtupu. Mzigo mzito nauhesabu kuwa ni abiria, napandisha nyuma hadi 36. Ukisahau kupandisha, skuta inaanza kukata viuno kila unapopishana na lori.

Mizigo nayo ina akili yake. Kishawishi ni kurundika kila kitu kwenye keria ya nyuma, maana ndiko kwenye nafasi. Keria ile iko nyuma ya ekseli, na kila kilo unayoiweka pale inainyanyua pua. Pua ikiwa nyepesi, breki ya mbele inakosa kazi na upepo wa pembeni unakuchezea unavyotaka. Vitu vizito vyangu, yaani zana, chupa za oili na maji, vinakaa sakafuni katikati ya miguu. Nguo na hema, ambavyo ni vikubwa lakini vyepesi, ndivyo vinavyokwenda nyuma. Ukumbuke pia kwamba injini yote iko upande wa kulia, kwa hiyo begi la pembeni likiwa moja tu, liwe kushoto.

Nirudi kwenye injini, isije ikaonekana naikwepa. Kasi yake ya kutembea kutwa ni kilomita 60 hadi 70 kwa saa. Inaweza kufika 85 au zaidi bila mzigo, lakini huko ni kwa kupita trekta, kisha urudi. Adui wa tu-stroku inayopozwa kwa upepo ni joto la muda mrefu, resi ikiwa imevutwa hadi mwisho kupanda mlima mrefu na upepo unatoka nyuma. Pistoni inatanuka, inaanza kushika silinda. Haiji ghafla kama watu wanavyosimulia: sauti inakuwa kavu, nguvu inapungua bila sababu. Hapo hapo bana klachi, funga resi, sogea pembeni, uiache ipoe. Kwa sababu hiyo vidole vyangu viwili havitoki kwenye mkono wa klachi kwenye mlima wowote.

Mteremko una hatari yake ya kimyakimya. Oili ya injini hii inaingia pamoja na petroli. Ukifunga resi na kuiacha gia ikuzuie kilomita nyingi, injini inazunguka kwa kasi na inapata oili kidogo mno. Kila baada ya sekunde kadhaa navuta resi kidogo ili ilowe. Breki za dramu nazo hazipendi mteremko mrefu, zinapata moto na kulegea. Kwa hiyo nashuka polepole kuliko nilivyopanda, gia ya tatu, kwa kubana na kuachia badala ya kushikilia. Matoleo ya baadaye, kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, yalipewa diski mbele. Kama unanunua kwa ajili ya milima pekee, nadhani hayo yana hoja.

Mchanganyiko ni asilimia 2: mililita 100 za oili kwa kila lita 5 za petroli. Matoleo mengine yana pampu ya oili inayochanganya yenyewe. Yangu haina, na sioni upungufu, kwa sababu nikichanganya kwa mkono najua nilichoweka. Tangi ni la lita 8 hivi, rizavu ikiwa ndani yake. Yangu inakula lita 3 hadi 3 na nusu kwa kilomita 100 ikiwa na mzigo, kwa hiyo kwenye kilomita 150 naanza kutafuta kituo. Geji ya mafuta haipo. Injini ikikohoa, unainama unazungusha koki kwenda rizavu, na ni vizuri ujifunze kufanya hivyo kwa kupapasa kabla hujajikuta katikati ya magari. Usinunue oili ya bei ya kutupa. Chukua kopo unaloliamini utoke nalo, maana vituo vya njiani vina oili za gari.

Ukipanda nyanda za juu hewa inakuwa nyembamba, mchanganyiko unazidi petroli, injini inavuma kizito na plagi inakuwa nyeusi. Dawa ni kupunguza jeti kuu, yaani kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta, saizi moja au mbili. Kabureta iko kwenye boksi lake chini ya ubavu wa kulia. Unatoa kifuniko na chujio la hewa, jeti unaifikia kwa bisibisi bapa bila kuishusha kabureta. Ukishuka tena, usisahau kuirudisha ile kubwa. Jeti ndogo kwenye hewa nzito ni njia fupi ya kuchoma pistoni.

Vipuri ninavyobeba vinaingia kwenye kile kikabati kilicho nyuma ya ngao ya miguu: plagi mbili, waya wa klachi, waya wa gia, waya wa resi, balbu, tyubu moja, viraka. Nyaya ndizo zinazokatika, na ni jambo la umri tu. Wa klachi ukikatika unaweza bado kufika mjini: sukuma ikiwa gia ya kwanza, iwake ikiwa inatembea, kisha badilisha gia kwa kufunga resi na kusikilizia. Inakwaruza, lakini inakubali. Kubadilisha waya wenyewe ni kazi ya nusu saa, ukiwa na kile kishikizo cha skrubu kinachobana ncha. Bebeni viwili, maana kikianguka kwenye majani hakionekani tena.

Usiku siendi. Umeme wa taa unatoka kwenye injini inavyozunguka, hivyo ukipunguza mwendo kwenye kona, pale unapohitaji kuona, taa nayo inapungua. Mvua sina neno nayo. Ngao ya miguu inakinga matope vizuri kuliko pikipiki yoyote niliyopanda, na viatu vinafika vikavu. Kukaa pia ni kwa heshima: mgongo wima, miguu unaisogeza utakavyo. Kiti cha asili kinaanza kukuonea mchana, lakini kwa kuwa petroli inakusimamisha mara kwa mara, unanyoosha miguu bila kupanga.

Nikisikia mtu anasema haiwezekani, humtajia Giorgio Bettinelli, Mwitaliano aliyetoka Roma hadi Saigon, Vietnam, kwa Vespa mwaka 1992 na 1993, kilomita 24,000 hivi, na baadaye akashuka nayo kutoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Amerika. Kuna na wanafunzi wawili wa Kihispania, Santiago Guillén na Antonio Veciana, waliozunguka dunia mwaka 1962 kwa siku 79, kwenye Vespa iliyopambwa na mchoraji Salvador Dalí. Siku 79 kwa maoni yangu ni kukimbia, si kusafiri. Wa kuiga ni Bettinelli.

Kwa nani basi? Kama siku zako za likizo zinahesabika na una kilomita 500 za kumaliza kabla ya jua kuzama, chukua pikipiki ndogo ya kisasa ya foo-stroku. Inakula petroli kidogo zaidi, inawaka kwa kitufe na shimo haitalijua. Kama njia yako ni barabara kuu ya malori yanayokwenda 90, pia usije huku, kwa sababu utakuwa kizuizi, na upepo wao unakusukuma hadi kwenye majani. Mwenye kutosheka na kilomita 200 hadi 250 kwa siku, anayeweza kuchagua barabara ndogo na asiyeona aibu kuchafua mikono, atapata zaidi ya alichotarajia. Mimi siibadilishi.

Ukienda kununua, acha rangi, inama. Bodi lote ni chuma kilichokunjwa, halina fremu nyingine ndani, kwa hiyo kutu ya sakafu ni kutu ya mifupa. Bonyeza kwa kidole pale stendi inapofungwa na kando ya pedali ya breki. Pakibonyea, ondoka. Kisha iwashe ikiwa imepoa, wala usikubali kuikuta muuzaji ameshaipasha moto. Moshi wa mwanzo ni kawaida ya tu-stroku. Moshi mweupe mzito ambao haukomi hata injini ikishapata joto unaonyesha kwamba oili ya giaboksi inanyonywa kupitia oili sili, yaani pete ya kuzuia oili, ya krenki upande wa klachi. Giaboksi inabeba mililita 250 tu, kwa hiyo haina ya kupoteza. Sili yenyewe ni kitu kidogo, lakini kuifikia kunataka injini ishushwe na kupasuliwa, na hiyo gharama iwe ndani ya bei mtakayokubaliana.