Django na Wamarekani, Paris 1935 hadi 1939: CD mbili, masikio ya mpiga rithimu

Nimekaa na seti hii miezi minne sasa, na nimeipiga kiasi kwamba mama watoto akiwa jikoni anajua Coleman Hawkins, yule Mmarekani wa saksafoni, anaingia lini. Aliyeniletea ni mpwa wangu anayefanya kazi Brussels. Nilimtumia jina la seti kwa WhatsApp, akaipata dukani kwa yuro 14, akaja nayo Desemba imefungwa ndani ya shati. "Mjomba, hii si ya wazee wa zamani sana?" akaniuliza akinikabidhi. Nikamwambia wazee ndio sisi. Kisha nikamweleza kwamba Django Reinhardt, mpiga gita mwenyewe, alizaliwa mwaka 1910 Liberchies, kijiji kilicho kusini kidogo tu ya hilo jiji analoishi, ndani ya familia ya Wamanouche, tawi la watu wa Roma, waliokuwa wakihamahama na magari yao ya farasi. Miaka sita yuko Ubelgiji na hajawahi kumsikia.

Niseme mapema mimi ni nani ili msomaji ajue naongea kutoka upande gani. Nimepiga gita la rithimu kwenye bendi ya dansi hapa Dar kwa miaka kumi na moja. Si solo, si besi. Rithimu. Yule mtu anayesimama nyuma kidogo, ambaye watu hawamwoni mpaka siku akikosekana stejini. Na kama wengi wa rika langu, neno jazz nililijua kwanza kama jina la bendi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na kule ng'ambo ya ziwa OK Jazz ya Franco. Tulicheza rumba usiku kucha chini ya neno hilo. Jazi ya Wamarekani wenyewe nilianza kuisikiliza nimeshakuwa mtu mzima, na hii ya Kimanouche nikaijua baadaye zaidi. (Watu wengi huiita ya Kijipsi. Baadhi ya wenyewe hawalipendi neno hilo, kwa hiyo nalikwepa ninapoweza.)

Kilichonifanya niitake seti hii ni jambo moja. Django tunamjua na kikosi chake cha Paris kilichoanza mwaka 1934: magita matatu, fidla ya Stéphane Grappelli, na besi. Hakuna dramu wala piano. Magita mawili ya nyuma ndiyo yanafanya kazi ya dramu, kwa ule upigaji ambao Wafaransa wanauita la pompe, mkono unashuka na kupanda mithili ya pampu ya baiskeli. Ni muziki ulioshonwa vizuri, hauna tundu. Swali langu lilikuwa: ukimtoa mtu huyu ndani ya nyumba yake ukamweka kati ya Wamarekani wenye dramu zao, piano na saksafoni, atasimama wapi?

CD ya kwanza inajibu. Inaanza na kazi za Machi 1935, Hawkins akipiga mbele ya okestra ya Michel Warlop. Mwaka mmoja kabla Hawkins alikuwa ameiacha Marekani akaja kufanya kazi Ulaya, na tayari alikuwa ndiye mtu wa kwanza kutajwa ikisemwa saksafoni ya tenori. Okestra yenyewe nzito, inaburuza miguu. Nilisikiliza mara mbili nikapita. Isipokuwa Stardust, ambayo imepigwa na kikundi kidogo: pale Grappelli ameweka fidla chini amekaa kwenye piano, Django yuko pembeni, na Hawkins anazungumza taratibu kama mtu aliyeshiba.

Lakini nauli ya seti nzima ni tarehe 28 Aprili 1937. Siku hiyo zilirekodiwa nyimbo nne kwa ajili ya lebo mpya iliyoitwa Swing, ambayo kijana Charles Delaunay alikuwa nyuma yake. Hawkins yupo. Benny Carter yupo, Mmarekani mwingine aliyekuwa akiishi Ulaya wakati huo, mpiga saksafoni ya alto ambaye pia alijua kupanga saksafoni zikaimba kama kwaya. Pamoja nao Wafaransa wawili wapulizaji, André Ekyan na Alix Combelle. Tommy Benford kutoka Marekani kwenye dramu, Eugène d'Hellemmes kwenye besi, Grappelli tena kwenye piano. Na Django, gita moja peke yake.

Kwenye Crazy Rhythm wale wapulizaji wanne wanapokezana. Ekyan anatangulia, anafuata Combelle, kisha Carter, na mwisho Hawkins. Wafaransa wanapiga vizuri, sitawavunjia heshima, ila Carter akiingia unahisi sakafu imepigwa msasa. Halafu Hawkins. Anamaliza zamu yake, na wakati ungetegemea wafunge wimbo unasikia sauti ya mtu inamhimiza kwa Kiingereza aendelee. Wanaosimulia kikao kile husema ni sauti ya Django. Hawkins anaendelea, na mzunguko ule wa pili unaupita wa kwanza kwa mbali.

Watu wakiisifu santuri hii huishia hapo, kwa Hawkins. Mimi naomba uirudishe mwanzo, na safari hii usimsikilize Hawkins. Msikilize aliye chini yake.

Tuliopiga rithimu tunajua kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuwa ukuta: mapigo manne yaliyo sawa, kodi ndogo, yaani noti chache zinazopigwa kwa pamoja (si zile za TRA), husogei, mpiga solo anajua akiegemea hataanguka. Mfano wake mkubwa ni Freddie Green, ambaye mwaka huohuo wa 1937 aliingia kwenye bendi ya Count Basie akakaa nusu karne akipiga hivyo. Ya pili ni kuwa mtu wa kuitikia, kama wale wanaoitikia hadithi: "Naam... ehe... ikawaje?" Django anafanya zote mbili ndani ya wimbo mmoja. Anaenda na mapigo manne, mkavu, mpaka unamsahau. Kisha Hawkins akimaliza sentensi, gita linatetemesha kodi nzima kama mvua ya ghafla kwenye bati, au linaruka juu kwa oktavu, na Hawkins anaipokea. Halafu gita linarudi chini, kimya, kana kwamba halikusema kitu.

Na mkono uliokuwa ukifanya hayo ulikuwa na kasoro. Mwaka 1928 gari walilokuwa wakiishi liliungua, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na kile kidogo, vikakakamaa. Solo alizipiga kwa vidole viwili. Jambo hili limeshasemwa mno, najua, na wengi hulisema kuhusu solo. Kwangu mimi linashangaza zaidi kwenye kodi. Vile vidole vilivyokakamaa alivitumia kubana nyuzi nyembamba, na dole gumba likapanda juu ya shingo ya gita kushika besi. Nimejaribu umbo mojawapo nyumbani na vidole vyangu vizima. Baada ya dakika tatu kiganja kiliwaka moto.

Wimbo mwingine wa siku ile, Out of Nowhere, ni wa polepole, na Carter humo anachukua tarumbeta. Ndio huyohuyo wa alto, na anaipiga kana kwamba hajawahi kugusa chombo kingine. Mungu hagawi kwa kipimo.

Sasa lawama. Santuri za enzi hizo zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja dakika tatu hivi, na zikizeeka zinakwaruza. Waliotengeneza seti hii, ambao sitawataja, wamezisafisha. Wamesafisha kupita kiasi. Ule mkwaruzo wa santuri na ule mchakacho wa kipande cha kupigia kinapogusa nyuzi vinakaa karibu karibu kwenye sauti, na mashine inayofukuza cha kwanza inaondoka na cha pili. Kwa hiyo saksafoni zinang'aa, piano safi, na gita la rithimu, kitu chenyewe nilichokifuata, limekuwa kama mtu anayepiga akiwa chumba cha pili na mlango umerudishwa. Kwenye Honeysuckle Rose linapotea kabisa kwa muda pale saksafoni zote zinapoingia pamoja. Nilidhani ni masikio yangu, maana miaka kumi na moja mbele ya amplifaya si kidogo. Nikampelekea mpiga dramu wetu wa zamani, ambaye ana nakala ya rekodi hizohizo ya zamani zaidi, chafu, inayochoma kama mahindi ya kukaanga. Tukazipiga moja baada ya nyingine kwenye redio yake. "Kaka, yako imenyolewa," akasema. Na kweli, kwenye ile chafu gita lilikuwa pale lote, na hata fagio za Benford zilirudi.

Ushauri wangu kama umeshainunua: usitumie spika za kompyuta wala zile ndogo za bluetooth. Vaa hedifoni, punguza besi, panua juu kidogo. Gita linarudi nusu.

Kijitabu nacho kina dosari. Kimeandika kwamba Grappelli anapiga fidla kwenye kikao cha Aprili 1937. Sikiliza dakika moja tu utajua hakuna fidla mle. Picha ni nzuri, karatasi nzito.

CD ya pili ina mchanganyiko. Julai 1937 Dicky Wells, mpiga tromboni, alirekodi na wenzake waliokuwa ziarani Paris, kukiwa na tarumbeta tatu na hakuna piano, na Django akaachiwa kodi zote peke yake. Anazibeba. Bugle Call Rag ni ya kuamshia watoto wa shule. Kisha kuna Eddie South, Mmarekani mweusi mpiga fidla aliyewahi kwenda Budapest na kuupenda muziki wa fidla wa kule, akikutana na Grappelli na Django. Walichukua sehemu ya kwanza ya koncherto ya Bach, utunzi wa fidla mbili na okestra, wakaipiga kwa mtindo wa swing, gita likiwa okestra nzima. Mpwa wangu, ambaye muziki wake ni singeli, ndiyo pekee aliyoomba irudiwe.

Kwa anayeanza kabisa, nitamwambia aruke yote hayo aende kwenye kikao cha tarehe 5 Aprili 1939. Bendi ya Duke Ellington ilikuwa Paris, na watu wake watatu wakatoka kwenda kurekodi na Django: Rex Stewart na koneti (ndugu mfupi wa tarumbeta), Barney Bigard na klarineti, Billy Taylor na besi. Ni wanne tu. Kwenye Solid Old Man Bigard anakaa hata kwenye dramu. Hakuna wa kumfunika mwenzake, kwa hiyo hata ile mashine ya kusafisha haikupata cha kuiba. Finesse ni ya polepole, Stewart anabana koneti kana kwamba ananong'ona na mtu mmoja, na gita liko karibu naye kiasi cha kusikia kidole kikiteleza. Kama 1937 ni baraza lenye watu wengi, hii ni ya watu wanne waliobaki baada ya wengine kwenda kulala.

Mwishoni wamebandika rekodi za Chicago za Novemba 1946, ingawa jalada linasema hadi 1939. Silalamiki kupewa ziada. Django hatimaye alivuka bahari akazunguka na Ellington mwenyewe, na inasimuliwa kwamba alikwenda bila gita, akidhani watengenezaji wa kule watapigana kumpa. Akapewa la umeme. Kwenye rekodi anatoka mbele kama mgeni wa heshima, anapiga solo zake, bendi kubwa inamsindikiza, watu wanapiga makofi. Ni hodari, hilo halina ubishi. Lakini mimi sikupata nilichokipata kwa Hawkins, kwa sababu safari hii hakuna aliye juu yake wa kumwitikia. Sauti ya umeme nayo inabana, si lile gita kavu.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Iliyokatwa ni ya wale waliosafisha, na wangekuwa wamenyoa na kikao cha 1939 ningekata nyingine.

Mpwa anarudi Julai. Nimemwagiza apite lile soko la mitumba la Place du Jeu de Balle, huko Brussels, aulizie santuri yenyewe ya lebo ya Swing, ile ya Crazy Rhythm upande mmoja na Honeysuckle Rose upande wa pili, hata kama imechakaa. Akajibu kwa sauti: "Sawa mjomba, lakini una kitu cha kuipigia?" Sina. Nimemwambia aangalie na hicho.