Uzoefu wangu: baiskeli ya graveli kwenye mabonde ya chokaa, Derbyshire

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu mlioko huku Uingereza, hasa nyie wa Leicester, Derby na Birmingham, mlionunua baiskeli za graveli, zile za njia za kokoto, kwa pesa nyingi kisha mkaishia kuzizungusha kwenye bustani ya mtaa. Peak District, hifadhi ya taifa ya milima na mabonde, iko jirani. Upande wake wa kusini, wanaouita White Peak, nimeuendesha kiangazi na baridi, mara kwa baiskeli yangu na mara kwa ya kukodi. Maoni yangu ni kwamba njia zake ni tamu kuliko zinavyosifiwa, ila ile maarufu kuliko zote si ya kuanza nayo.

Kwanza mjue kwa nini kule na si kwingine. Ardhi yote ni mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha maji hayatuami, yanaingia kwenye nyufa na kupotelea chini, kwa hiyo hata baada ya mvua ya usiku kucha njia hukauka upesi. Ukienda kaskazini, Dark Peak, mawe yanabadilika, juu yake kumelala udongo mweusi wa mboji, na huko magurudumu yanazama. Mimi Januari naenda White Peak bila wasiwasi. Dark Peak nasubiri jua.

Anzeni na High Peak Trail. Panda treni ya Derby kwenda Matlock, shuka Cromford. Kutoka stesheni hadi inapoanzia njia si mbali. Cromford penyewe ndipo Richard Arkwright alipojenga kinu chake cha pamba cha kuendeshwa kwa maji mwaka 1771, na majengo bado yapo, ukipenda kuchungulia kabla ya kuanza. Njia yenyewe ilikuwa reli iliyokamilika 1831, iliyojengwa kuunganisha mifereji miwili kwa kuvuka milima. Wajenzi wake hawakuzunguka mlima, waliupanda moja kwa moja, na mabehewa yakavutwa kwa minyororo na injini za mvuke zilizosimama juu kileleni. Leo injini hakuna, kuna miguu yako.

Mwinuko wa Middleton kila mita nane unazosogea unapanda moja. Nilikwenda na shemeji yangu, ambaye baiskeli kaijua ukubwani. Alifika nusu, akashuka, akaanza kuisukuma.

"Shemeji, hii reli au ngazi?"

"Sukuma tu shemeji, juu kuna chai."

Uzuri wa njia hii ni kwamba taabu yote inakuja mwanzoni. Ukishafika Middleton Top, kwenye jumba la injini ya 1829 ambayo bado imo ndani, mlima umekwisha isipokuwa ule wa Hopton, ambao ni mpole zaidi. Baada ya hapo uko juu ya uwanda, kokoto nyeupe zimesagwa na kushindiliwa, upepo, kondoo, na kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zinazokata mashamba mpaka macho yanapoishia. Kuna kona moja, Gotham, reli iliikunja ghafla kiasi kwamba unajikuta umegeuka karibu pembe mraba. Karibu na Minninglow tuta la reli limejengwa kwa mawe matupu, na pembeni kuna kilima chenye miti juu yake. Ni makaburi ya watu wa zama za mawe. Hapo ndipo pa kupumzikia. Ukisimama kwenye geti, tazama nguzo zake za mawe kwa karibu. Utaona viduara vidogo vyenye tundu katikati, kama shanga zilizokatika uzi. Ni mabaki ya wanyama wa baharini, ndugu wa kiti cha pweza. Mawe haya yalijijenga chini ya bahari ya maji ya uvuguvugu zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wakati kipande hiki cha dunia kilipokuwa karibu na Ikweta. Shemeji ni wa Tanga, amekulia jirani na mapango ya Amboni, nayo ya chokaa. Akaparamia kila nguzo kuanzia hapo, tukachelewa.

Parsley Hay njia inakutana na Tissington Trail, kilomita 21 hadi Ashbourne, na ukielekea huko unateremka karibu muda wote. Watu wengi wanavutwa na mteremko huo. Tahadhari: Ashbourne haina treni. Ukishateremka hadi chini, aidha uwe na mtu wa kukufuata na gari, au upande tena kile ulichoteremka, tena jioni, ukiwa umeshiba. Kama umekuja kwa treni, geuzia Parsley Hay urudi Cromford. High Peak yote ni kilomita 27 kwa upande mmoja, inatosha.

Sasa hiyo maarufu, Monsal Trail. Ni kilomita 14 hivi kando ya mto Wye, kati ya Bakewell na Blackwell Mill, juu ya reli iliyofungwa 1968. Mahandaki yake yalifunguliwa kwa waendesha baiskeli na waenda kwa miguu mwaka 2011, na kusema kweli kuingia kwenye handaki la mita 400 siku ya joto, baridi ikupige usoni, ni raha ya peke yake. Daraja la matao pale Monsal Head linapendeza. Mwandishi John Ruskin aliipinga kwa ukali reli ilipoletwa, na leo kila mtu analipiga picha daraja lenyewe. Lakini kwa mtu wa graveli njia hii ni laini mno na wikiendi imejaa: watoto wa magurudumu matatu, mbwa wa kamba ndefu, akina bibi wanne kwa mstari mmoja. Wana haki yao. Wewe ndiye uliyekuja pasipo pako. Ipeleke familia, msimame kwenye matanuri makubwa ya chokaa karibu na Miller's Dale. Waliokulia pwani, walioona matumbawe yakichomwa kupata chokaa ya kupigia nyumba, wataelewa mara moja kilichokuwa kikifanyika pale, ila hapa ni kwa ukubwa wa kiwanda. Taa za mahandaki huzimwa usiku, hivyo msichelewe.

Bonde ninalolipenda kuliko yote ni la mto Manifold, upande wa Staffordshire, kutoka Hulme End hadi Waterhouses. Wakereketwa watanicheka kwa sababu njia ni ya lami, na kipande kimoja, pamoja na handaki la Swainsley, unagawana na magari. Sijali. Reli ndogo iliyopita hapo iliishi miaka 30 tu, 1904 hadi 1934, na unaelewa kwa nini: hakukuwa na abiria, kulikuwa na uzuri tu. Wakati wa ukame mto unapotea. Unauona ukitiririka Wetton Mill, mbele kidogo ni mawe makavu na majani mapana yaliyoota katikati ya mkondo. Maji yanapita chini kwa chini na kuibukia Ilam. Juu ya ukingo kuna pango la Thor, mdomo wake una urefu wa mita kama kumi. Baiskeli haipandi huko, ifunge chini.

Graveli hasa, ile ya kutikisa meno, iko kwenye njia za farasi zinazounganisha mabonde haya. Sheria ya 1968 inawaruhusu waendesha baiskeli kuzipita, ila mnapaswa kuwapisha waenda kwa miguu na wapanda farasi. Njia za miguu pekee haziruhusiwi, kwa hiyo someni ramani. Pennine Bridleway, inayoacha High Peak na kupita Chelmorton kuelekea bonde la Wye, ina mteremko wa mawe ambao mimi mwenyewe siku ya mvua nashuka na kutembea. Chokaa iliyolainishwa na kwato kwa miaka, ikilowa, inateleza vibaya, na majani ya Oktoba yakiwa juu yake ndiyo basi.

Kuhusu kukodi: vituo vipo na utaratibu wake ni mwepesi, ila kagueni kabla ya kutia sahihi. Duka moja, jina naliacha, lilinipa baiskeli iliyoandikwa graveli yenye tairi za milimita 32 zilizojazwa upepo mpaka zinalia, na pedi za breki za nyuma zimekwisha. Nilipouliza, kijana akanijibu, "Watu wote wanaenda nazo hivyo hivyo." Nikamwambia mimi si watu wote, akabadilisha. Ombeni tairi za milimita 40 au zaidi, tyublesi (zisizo na mpira wa ndani) kama zipo, maana vijiwe vya chokaa vina kingo kali na pancha ni nyingi. Mimi na kilo zangu 80 najaza psi 35, chini ya hapo rimu inagonga.

Vumbi la kule, tofauti na lile la Maasai Mara mnaloliona kwenye picha za Migration Gravel Race, ni jeupe, na likichanganyika na maji linakuwa tope linaloganda kwenye cheni na kusaga pedi. Usilale nalo. Mwagia maji siku hiyo hiyo, kausha, tia oili. Pedi za akiba zikae mfukoni majira ya baridi. Safari ndefu ya matope inaweza kuzimaliza kabla hujarudi stesheni.

High Peak naipa nyota tano. Manifold tano, kwa upendeleo. Tissington nne, Monsal tatu kwa graveli na tano kwa watoto. Treni ya Cromford ina nafasi chache za baiskeli, kwa hiyo Jumamosi ya jua wahini ile ya asubuhi.