Masomo ya jioni juu ya walimu wa Kignostiki, Katuba: tathmini ya mhudhuriaji

Kituo kidogo cha kusomea kilichoko katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, hutoa masomo ya jioni juu ya walimu wa Kignostiki wa karne ya 2, yaani waliofundisha kwamba wokovu hupatikana kwa maarifa ya siri, na kwa maoni yangu ada yake ni halali kabisa. Ubora wa masomo haya umo katika utaratibu wake: Wagnostiki husikilizwa kwanza kwa maneno yao wenyewe, ndipo wapinzani wao wapewe nafasi. Kwa karne nyingi watu kama Valentinus walijulikana hasa kwa kalamu ya askofu Ireneo wa Lyon, aliyewaandikia kitabu cha kuwapinga mnamo mwaka 180, hadi vitabu 13 vya mafunjo kwa lugha ya Kikopti, vyenye maandishi ya Kignostiki, vilipopatikana karibu na Nag Hammadi, nchini Misri, mwaka 1945.

Kipindi kilichonivutia kupita vyote kilihusu barua ambayo Ptolemaeus, mfuasi wa Valentinus, alimwandikia mwanamke aitwaye Flora. Tuligawiwa fotokopi, tukaisoma aya kwa aya, Kifaransa kwanza na ufafanuzi wa Kiswahili baadaye. Ptolemaeus anauliza Torati ilitoka kwa nani, kisha anaitenga mafungu matatu: yaliyotoka kwa Mungu, aliyoyaongeza Musa, na waliyoyaingiza wazee. Ushahidi anauchota katika maneno ya Yesu, kwamba ruhusa ya talaka ilitolewa na Musa kwa sababu ya ugumu wa mioyo ya watu. Fungu la Mungu nalo analigawa tena: Amri Kumi, ambazo Mwokozi alizitimiza, kisasi cha jicho kwa jicho, ambacho alikifuta, pamoja na sadaka, tohara na Sabato, ambazo sasa zishikwe kwa maana ya kiroho. Hatimaye anasema kwamba aliyetoa sheria hiyo si Mungu mkamilifu, wala si Ibilisi, bali ni muumba aliye kati yao, mwenye haki. Katekista mmoja alipinga kwa nguvu kwamba huko ni kumkana Muumba wa mbingu na nchi. Mwalimu hakumnyamazisha, alimrudisha kwenye aya ili aonyeshe ni neno gani hasa linalomtenga Ptolemaeus na imani ya Kanisa, kisha akatueleza jinsi fundi wa ulimwengu anayetajwa na mwanafalsafa Plato alivyowaandalia walimu hao njia ya kufikiri. Ufundishaji wa namna hiyo ni adimu, nami naushukuru.

Basilides, aliyefundisha Aleksandria wakati wa Kaisari Hadrian, alipitishwa kwa haraka mno. Fundisho lake kwamba hata mfiadini huteseka kwa sababu ya dhambi, ijapokuwa imefichika, lilistahili jioni nzima, maana swali la mateso ya wasio na hatia linatugusa sote. Marcion naye, mwalimu mwingine wa karne hiyo, aliingizwa katika kundi la Wagnostiki bila maelezo ya kutosha: alitenganisha kweli Mungu wa Torati na Baba wa Yesu, lakini wokovu aliuweka katika imani, si katika maarifa ya siri.

Fotokopi nyingine zimefifia na zote ni za Kifaransa, hivyo asiyekizoea atalazimika kuketi karibu na mwalimu. Anayetaka kujiandikisha aombe mapema nakala ya barua kwa Flora, aisome pamoja na sura ya 19 ya Injili ya Matayo kabla ya kipindi chake.